Mzee wa Kasikeu na Nyayo za Kifaru

Wahenga walinena, Tembea uone. Lakini kwa watu wengi wa Ukambani kutembea porini si jambo la kutolewa fedha. Ng'ombe akipotea watu hutembea; kuni zikiisha hutembea; kisima kikikauka hutembea tena. Kwa hiyo habari ilipofika Kasikeu kwamba watu sita watapelekwa milima ya Chyulu, wakatembee kwa miguu tangu asubuhi nyuma ya kiongozi, na kila mtu ajilipie mwenyewe, wengi walicheka sana.

Aliyecheka kupita wote alikuwa mzee mmoja wa miaka sabini na miwili, mkulima wa mahindi, mbaazi na maembe. Alisimama mbele ya duka akasema, "Nimetembea porini tangu nikichunga mbuzi wa baba yangu, wala hakuna aliyenipa hata senti moja. Leo mwataka nilipe mimi?" Watu wakacheka pamoja naye. Walakini siku ya kuandikisha majina ilipofika, yule mzee alikuwa wa kwanza mlangoni, na fedha zake zilikuwa zimefungwa katika kitambaa, kamili. Alipoulizwa sababu ya kugeuka, hakujibu neno.

Sababu ilikuwako, nayo ni ya zamani kuliko yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1940 sehemu nyingi za nchi ya Machakos zilikuwa zimechoka. Watu na mifugo walikuwa wengi, udongo ulichukuliwa na mvua, na makorongo yalikula mashamba. Serikali ya wakati ule ikaazimia kuwahamishia watu wengine Makueni, mahali palipokuwa na ardhi nyingi isiyolimwa. Lakini Makueni ilikuwa pori la miiba, lenye mbung'o wauao ng'ombe, na lenye vifaru wengi mno. Basi tangu mwaka 1944 hata mwaka 1946 mwindaji wa Serikali aitwaye J. A. Hunter aliwapiga risasi vifaru wapatao elfu moja, ili watu wapate kufyeka pori na kujenga.

Baba yake mzee huyu alikuwa kijana katika siku zile. Aliandikwa kazi ya kufyeka vichaka, akala nyama ya vifaru pamoja na wenzake, na baadaye akapata shamba huko huko Makueni. Shamba hilo ndilo lililosomesha watoto wake, na mmoja wa wanawe yuko juu yake hata leo. Huyu wa Kasikeu alirudi kuilima ardhi ya babu yake. Baba yao alipokuwa mgonjwa wa mwisho, aliwaambia wanawe neno moja ambalo mzee hakulisahau: "Mimi nilikula nyama ya mnyama yule, na nyinyi mmekula mazao ya mahali pake. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyepata kumwona." Mzee alitaka kumwona kifaru kwa macho yake kabla hajafa. Hilo ndilo lililofungwa katika kile kitambaa pamoja na fedha.

Wasafiri waliondoka Kasikeu saa tisa za usiku katika matatu ya kukodi: wakulima watatu, mwalimu mmoja, mwenye duka mmoja na karani mmoja. Walipita Sultan Hamud, mji ulioitwa kwa jina la Sultani wa Unguja wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Wakapita Emali na Makindu, hata wakafika Kibwezi. Huko waliiacha barabara ya Mombasa, wakaelekea milimani. Kulipopambazuka waliiona Chyulu mbele yao, vilima vya kijani vimepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala, na ukungu umekaa juu ya vilele.

Kiongozi wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane. Pamoja naye walikuwako askari wawili wa hifadhi, wenye bunduki. Kijana aliwaamkia wazee kwa adabu, na yule mzee, kama ilivyo desturi, akamwuliza kwanza habari za ukoo. "Mwanangu, wewe ni wa mbai gani?"

"Mimi ni wa Aombe, mzee wangu."

"Mama yangu alikuwa wa Aombe," akasema mzee. "Basi wewe ni mjomba wangu, ingawa nimekupita kwa miaka zaidi ya arobaini. Haya mjomba, utuongoze."

Watu wakacheka, na kutoka hapo safari ikawa ya jamaa moja.

Kabla hawajainua mguu, kijana aliwapa masharti. Watakwenda kwa mstari mmoja, askari mmoja mbele na mwingine nyuma. Hakuna kusema kwa sauti, hakuna sigara, hakuna kumwacha mwenzako. Mwenye duka, aliyevaa shati jekundu, alipewa koti la kaki la kulifunika. "Tena jambo kubwa kuliko yote," akasema kijana, "mkimwona mnyama, msikimbie. Nikiinua mkono, simameni. Nikisema turudi, twarudi, wala hatuulizani kwa nini mpaka tufike mbali." Kisha akatoa mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa majivu, akautikisa. Majivu yakaruka kama moshi na kuelekea kusini. "Upepo ndio utakaotuchagulia njia," akasema. Mzee alitikisa kichwa. Baba yake alifanya vivyo hivyo, ila yeye alitumia vumbi la mkononi.

Yafaa kusema hapa kwamba matembezi ya namna hii yana historia yake. Mwaka 1950, katika bonde la Luangwa, nchi ambayo sasa ni Zambia, Bwana Norman Carr alipatana na Chifu Nsefu kufungua kambi ya wageni, na mapato yaende kwa watu wa chifu. Baadaye, katika miaka ya 1960, Carr akaanza kuwatembeza wageni kwa miguu, si kwa kuwinda bali kwa kutazama, na desturi hiyo ikaenea katika nchi nyingine za Afrika. Lakini ile kazi ya kumwongoza mgeni porini haikuanza na Carr. Wakamba waliifanya miaka mia moja kabla yake, kama itakavyoonekana.

Walitembea saa mbili. Wale waliodhani kwamba wanalijua pori walianza kuona kwamba walikuwa wakilipita tu bila kulisoma. Kijana alisimama penye kinyesi cha tembo akakivunja kwa kijiti, akawaonyesha mbegu zilizokuwa tayari kuota. Alisimama tena penye mti wa kivai, ambao wazee waliuchemsha kupata sumu ya mishale, akasema, "Mti huu wote ni wa kuogopwa, mtu asivunje tawi lake kuchomea nyama." Aliwaonyesha nyayo za pofu na za nyati, akawaeleza jinsi ya kujua ni za jana au za leo: unyayo mpya una kingo kali, wa zamani umekwisha kuvukwa na njia za sisimizi.

Mkulima mmoja akauliza kwa nini milima yenye majani mabichi hivi haina hata kijito. Kijana aliokota jiwe jeusi lenye matundu, akampa mkononi. Akasema kwamba milima yote imejengwa kwa mawe ya namna hiyo, yaliyotoka chini ya ardhi yakiwa moto na kuyeyuka kama uji. Mvua ikinyesha haikai juu. Huzama kati ya mawe, ikaenda chini kwa chini, ikatokea mbali. Chemchemi za Umani karibu na Kibwezi hupata maji yake hapo, na chemchemi za Mzima katika Tsavo vilevile, na kutoka Mzima maji huchukuliwa kwa bomba mpaka Mombasa. "Mtu wa Mombasa akinywa maji ya Mzima," akasema, "amekunywa mvua ya Chyulu. Misitu ya huku juu ikikatwa, kiu itaonekana huko pwani." Yule mkulima aliligeuza lile jiwe mara nyingi, kisha akalirudisha mahali pake kwa uangalifu, kana kwamba ni la mtu.

Jua lilipopanda walipumzika chini ya mti, wakala chakula walichochukua. Hapo mwalimu akawasimulia habari za Krapf na Kivui. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alitoka Rabai kwa miguu akaja Ukambani, akapokewa na Kivui Mwenda wa Kitui, mfanya biashara mkubwa ambaye misafara yake ilifika pwani. Kutoka Kitui Krapf akauona Mlima Kenya. Mwaka 1851 akarudi, wakafunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wakashambuliwa, Kivui akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Mtu yule aliyesoma vitabu vingi hakujua maji yaliko wala njia ya kurudi. Alipoufikia mto alikunywa, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alitia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki yake, akaziba kwa majani.

"Bunduki ikawa kibuyu," akasema mwenye duka, na watu wakacheka kwa sauti ndogo.

"Naam," akasema mwalimu, "kwa sababu mwenye kujua njia alikuwa amekufa. Elimu yake ya porini haikuandikwa mahali popote. Ilikuwa katika kichwa cha Kivui, ikaenda naye."

Mzee hakucheka. Alikuwa akimtazama yule kijana kiongozi, aliyekaa kando akisikiliza ndege.

Baada ya chakula waliingia mahali penye mawe meusi mengi na vichaka vizito. Hapo mzee alisimama ghafula, hata aliyekuwa nyuma yake akamgonga. Alikuwa akitazama kichaka kando ya njia. Vijiti vyake vilikuwa vimekatwa kwa mshazari, kama vilivyokatwa kwa kisu kikali.

"Mjomba," akaita kwa sauti ya chini, "nani amekata hivi?"

Kijana alirudi, akachuchumaa, akagusa ncha ya kijiti. Utomvu ulikuwa bado mbichi. "Mzee wangu, wajua kukata huku ni kwa nani?"

"Baba yangu aliniambia. Alisema tembo huvunja, twiga huchuma, lakini kifaru hukata."

Askari wa mbele akaita kwa mkono. Katika vumbi kati ya mawe palikuwa na unyayo mpana wenye vidole vitatu, kingo zake kali kama zilizochongwa. Na juu ya unyayo ule palikuwa na mwingine mdogo, umeukanyaga ule mkubwa. Kijana aliutazama muda mrefu. Kisha akaeleza kwa kunong'ona kwamba kifaru mweusi mwenye mtoto hutangulia mwenyewe, na mtoto humfuata nyuma. Kwa hiyo mdogo hukanyaga juu ya wa mama yake. Jike huchukua mimba miezi kama kumi na mitano, na baada ya kuzaa huenda ikapita miaka mitatu kabla hajazaa tena.

Mzee alipiga magoti. Alipima unyayo mkubwa kwa shubiri yake, ikapungua. Akapima mdogo, ukaingia chini ya kiganja chake. Hakusema neno, wala hakuna aliyemharakisha.

Kijana akawaambia kwamba katika milima hii vifaru waliobaki ni wachache sana, nao wamepona kwa sababu ya mawe haya meusi, maana ni vigumu kwa mtu kuwafuata. Mwaka 1970 vifaru weusi wa Kenya walikadiriwa kuwa 20,000. Uwindaji wa leseni ulikatazwa mwaka 1977, lakini wezi wa pembe hawakukatazika, na mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400 katika nchi nzima. Kwa kulindwa usiku na mchana, katika miaka hii ya 2020 wamerudi kufikia kama 1,000. "Wote wa Kenya leo," akasema, "ni kama wale walioondolewa Makueni peke yake."

Mzee aliinuka akajifuta vumbi. "Mjomba, baba yangu alikuwa Makueni siku zile. Alifyeka. Nyama yao aliila."

Kijana alikaa kimya kidogo. "Na babu yangu pia, mzee wangu. Mimi nimezaliwa katika shamba hilo hilo. Karo yangu ya shule ilitoka hapo."

Wakatazamana. Hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake, wala wa kuwalaumu wazee, ambao watoto wao walikuwa na njaa. Ndipo mzee akasema lile alilolileta toka Kasikeu: "Nataka kumwona. Mara moja tu. Niko tayari kwenda peke yangu na askari mmoja, na hawa wangoje hapa."

Kabla kijana hajajibu, kilisikika kichakani mlio mkali wa kukwaruza, na ndege wawili wakaruka juu, wakazunguka, wakatua tena. Kijana aliinua mkono. Ndege huyo huwatoa kupe wanyama wakubwa, na kwa Kiswahili huitwa askari wa kifaru. Jina hilo si la mzaha. Mwaka 2020 wataalamu waliochunguza vifaru Afrika Kusini walitangaza kwamba kifaru asiye na ndege huyo alimtambua mtu anayemjia karibu mara moja tu katika kila mara nne, lakini aliyekuwa na ndege alimtambua kila mara. Kifaru haoni vizuri, ndege humwonea.

Kijana akatikisa mfuko wa majivu. Majivu yalisimama hewani kidogo, kisha yakageuka yakaenda kule kule kichakani. Upepo ulikuwa umewasaliti. Kutoka ndani ya miiba, mbali kiasi cha hatua sitini, ikasikika pumzi kubwa, kama mvukuto wa mhunzi uliominywa mara moja. Kisha kimya.

"Twarudi," akasema kijana. "Sasa. Polepole."

Watu wakageuka mmoja mmoja. Mzee hakugeuka. Alisimama uso wake ukielekea kichakani, mikono yote miwili juu ya fimbo. Askari wa nyuma akamgusa bega, asitikisike. Ndipo kijana akamwendea mwenyewe, akamwambia kwa sauti ambayo wengine waliisikia kwa shida: "Mzee wangu, tukisogea, mama atatujia, na askari hatakuwa na budi kupiga risasi. Mtoto yule hawezi kuishi peke yake. Baba yako aliambiwa afyeke, akafyeka. Wewe waambiwa urudi."

Mzee alivuta pumzi. Akatazama tena kichaka, ambacho hakikuonyesha kitu chochote ila miiba na kivuli. "Yatosha," akasema. "Yupo." Akageuka, akaenda mahali pake katika mstari, wala hakutazama nyuma.

Walifika garini saa kumi za jioni. Kijana aliwaaga kila mtu kwa mkono, na kwa mzee aliinama. Mzee akampa neno moja tu: "Mjomba, hayo uyajuayo, usiende nayo. Wafundishe wadogo zako." Njiani kurudi wengine walilala, mwenye duka alihesabu gharama yake na kusema kwa furaha kwamba hajapata kulipa fedha nyingi hivyo kwa kutokuona kitu, na kwamba atalipa tena.

Kesho yake asubuhi, watu waliopita nyumbani kwa mzee walimkuta uani na wajukuu wake wanne. Wadogo walikuwa wamemwuliza alichokiona huko Chyulu, nao walitazamia habari za simba. Mzee alikuwa ameshika kijiti. Alichora vumbini unyayo mkubwa wa vidole vitatu, na juu yake akachora mdogo. Kisha akawauliza, "Ni nani aliyetangulia hapa, mama au mtoto? Na mmejuaje?"

Watoto walichuchumaa, wakaanza kubishana. Mzee hakuwaambia jibu upesi. Alipoliona gari la mkaa likipita barabarani kuelekea Sultan Hamud, alilifuata kwa macho mpaka likapotea. Juu ya kilima cha shamba lake kuna migunga na mikau ya zamani ambayo tajiri mmoja wa mkaa alikuwa amekwisha kuitolea bei. Jioni ile mzee alimpelekea ujumbe kwamba miti hiyo haiuzwi.

Mtu aweza kusema kwamba miti michache ya Kasikeu haitamrudisha kifaru hata mmoja, na asemapo hivyo hasemi uongo. Lakini akiba haiozi. Wazee walifyeka ili watoto wao wale, na watoto walikula. Waliokwisha kushiba wana kazi yao nyingine, nayo ni kujua pa kusimama na kurudi nyuma.